Wanajeshi wale wale: kutoka mbuga za baisoni mpaka Manila

ZUHURA: Karibuni tena jamani. Leo tupo Marekani, miaka ya 1860 mpaka 1900 hivi. Kaka Kelvin hapa tangu jana ananibishia, anasema shuleni tunafundishwa vitu vitatu, kuhamia magharibi, viwanda, halafu ubeberu, kila kimoja na sura yake.

KELVIN: Na mi nakataa dada. Ni kazi moja ile, na kuna sehemu ni watu wale wale kabisa kwa majina. Tuanze na ngozi.

ZUHURA: Ngozi?

KELVIN: Ya baisoni, wale nyati wa kule wenye manyoya mengi shingoni. Walikuwa mamilioni kwa mamilioni, na wenyeji wa asili wa tambarare kama Walakota na Wacheyenne maisha yao yote yapo hapo, nyama, mahema, nguo. Sasa kwenye 1871 hivi wenye viwanda vya ngozi wakajua namna ya kuitengeneza ile ngozi nzito, na viwandani huko wanahitaji mikanda ya kuzungushia mashine, na reli imeshafika, basi mwindaji anaua, anachuna, anapakia ngozi kwenye treni, nyama anaiacha inaoza palepale. Mwisho wa miaka ya 1880 walikuwa wamebaki mia kadhaa tu.

ZUHURA: Eeh! Yaani watu wanalala njaa ili mashine izunguke mashariki huko?

KELVIN: Ndo hivo. Na jeshi linaangalia tu, maana mtu mwenye njaa anakubali kupelekwa kwenye eneo alilotengewa bila risasi nyingi.

ZUHURA: Na hiyo reli yenyewe, jamani, tusiipite hivihivi. Upande wa kampuni ya Central Pacific, kutoka Sacramento, California, waliopasua miamba ya milima ya Sierra Nevada wengi wao ni Wachina, na Juni 1867 maelfu wakagoma wanataka walipwe sawa na wazungu, bosi wao Charles Crocker akawakatia chakula mpaka wakarudi kazini. Mei 10, 1869 reli zikakutana Promontory, Utah, sherehe kubwa. Halafu 1882 inatungwa sheria ya kuzuia vibarua wa Kichina wasiingie nchini. Mimi hii inaniuma sana, kusema kweli.

KELVIN: Inauma. Na ardhi nayo ni vilevile. 1868 wanasaini mkataba na Walakota pale Fort Laramie, milima ya Black Hills ni yenu, 1874 msafara wa kijeshi wa Custer unaona dhahabu, 1877 Kongresi inaichukua. Mwaka 1980 Mahakama Kuu ikasema walipwe zaidi ya dola milioni 100, wakakataa, wanataka ardhi yao.

ZUHURA: Mpaka leo hawajachukua hiyo hela, na mimi nawaelewa kabisa.

KELVIN: Halafu Sheria ya Dawes ya 1887. Hii haikutumia bunduki, ilitumia karatasi. Ardhi ya jamii nzima ya wenyeji inagawanywa vipande, kila baba mwenye familia ekari 160, inayobaki inaitwa ya ziada, wanauziwa walowezi. Kutoka ekari milioni 138 hivi mwaka 1887 mpaka 1934 wamebaki na milioni 48.

ZUHURA: Sasa hao watu wale wale ni nani?

KELVIN: Chukua Jenerali Nelson Miles. 1877 Chief Joseph, kiongozi wa kabila la Nez Perce, anajisalimisha kwake. 1886 Geronimo wa Apache, kwake pia. Desemba 1890, pale Wounded Knee wanajeshi walipowaua Walakota, yeye ndo mkuu wa operesheni nzima, ingawa tuwe wa haki, hakuwepo pale na baadaye aliyalaani yale mauaji, akataka kamanda aliyekuwepo aadhibiwe, ikashindikana. Sasa Julai 1898 unamkuta wapi? Marekani inapigana na Hispania, na yeye anashuka Guánica, Puerto Rico, koloni la Hispania, na meli za kivita.

ZUHURA: Aisee.

KELVIN: Na Henry Lawton, yule aliyemkimbiza Geronimo milimani, 1899 yuko Ufilipino, maana Marekani imeilipa Hispania dola milioni 20 ili iichukue Ufilipino, koloni lake jingine, na Wafilipino wenyewe hawajaulizwa, wakati walishatangaza uhuru wao. Desemba 1899 Lawton anauawa karibu na San Mateo, na jenerali wa Kifilipino upande wa pili anaitwa Licerio Gerónimo.

ZUHURA: Jamani! Mi nataka kumtaja na David Fagen, mwanajeshi mweusi wa kikosi cha 24 cha jeshi la Marekani, alihama kabisa akaenda kupigana upande wa Wafilipino, Wamarekani wakaahidi dola 600 kwa atakayemleta. Mtu kaona wanayofanyiwa wale, kakumbuka wanayofanyiwa weusi kwao, kaamua.

KELVIN: Na wenye viwanda walikuwa wanaongea wazi, bidhaa zimezidi, 1893 uchumi umeanguka, tunataka masoko, China ipo pale ng'ambo na Manila, mji mkuu wa Ufilipino, ni mlango. Ufilipino ilipata uhuru 1946.

ZUHURA: Na Puerto Rico je?

KELVIN: Bado ni ya Marekani. Watu wake ni raia wa Marekani, wanaingia jeshini, lakini ukiishi kule kisiwani rais humpigii kura.