Msiniulize Naamka Saa Ngapi

Asanteni, kaeni, kaeni. Wa kule nyuma mnanisikia? Haya.

Kila nikiitwa kuongea na madevelopa, waandishi wa programu za kompyuta, wanaofanya kazi za rimoti, yaani kwa mtandao na timu iliyo mbali, swali la kwanza ni lile lile, kaka unaamka saa ngapi. Jamani! Timu yako ipo San Francisco, wao wakianza kazi saa tatu asubuhi yao hapa Dar ni saa moja usiku, ikifika Novemba wanarudisha saa zao nyuma inakuwa saa mbili, mitingi mpaka saa tano, halafu uamke saa kumi alfajiri ukaoge maji ya baridi kwa sababu umeona video ya mtu ambaye ofisi yake ipo mtaa wa pili? Lala. Mtu aliyelala masaa manne hawezi kusoma kazi ya mwenzake akaielewa, atapandisha ukurasa atashusha, basi.

Kinachoamua kama siku yako imezaa kitu ni ulichokiandika kabla hujafunga kompyuta. Hili nimeshalisema sana na leo nalisema tena, maana bado naona watu wenye uwezo mkubwa wanakwama hapo hapo.

Kuna kijana nafanya naye kazi, anajua kazi kweli kweli. Siku hiyo ripoti ya mauzo inakosea, kahangaika nayo, saa nne asubuhi anamwandikia mwenzake wa kule kwenye Slack, ile programu ya kutumiana meseji za kazi: "Habari, upo?" Basi, hakuna lingine. Kule ni saa sita usiku, mtu kalala. Saa moja jioni anajibiwa "nipo, vipi?" kijana yupo kwenye foleni ya daladala, saa tatu anaandika "ripoti inakosea", mwenzake kaingia mitingini, kuja kutoka anauliza "inakosea vipi, tawi gani?" na huku Dar tumeshalala. Siku nzima imeenda na hakuna hata mtu mmoja anayejua tatizo ni nini! Na hakuna mvivu hapo, wote wawili wamefanya kazi.

Nikamwambia kaa chini, andika upya kama unamwandikia mtu ambaye hamtaonana kabisa. Akaandika hivi, nawasomea:

"Miamala ya kati ya saa sita na saa tisa usiku wa Dar inahesabiwa kwenye siku iliyopita. Nadhani ni kwa sababu databesi inatunza saa za UTC (saa za kimataifa) na ripoti inakata siku bila kuongeza masaa matatu yetu. Nimejaribu kurekebisha kwenye ripoti, testi mbili za kukagua programu zimefeli, hizi hapa. Turekebishe kwenye ripoti au kwenye databesi? Nisiposikia kwako kesho naendelea na ripoti, maana hiyo tukiona haifai tunairudisha bila shida."

Angalieni sentensi ya mwisho. Hajaomba ruhusa akakaa kusubiri, kasema ataendelea na nini na kwa nini hiyo haina hatari. Yule wa kule akiamka anajibu neno moja, au hajibu kabisa, na kazi inatembea. Hiyo ndio tabia ninayotaka muondoke nayo, ya kuamka alfajiri waachieni wenye ng'ombe wa kukamua.

Najua kuna mtu hapo anasema Kiingereza changu hakinyooki. Ndugu yangu, sentensi zenyewe fupi: nimeona hiki, nimejaribu hiki, nataka hiki. Mwingine anasema nikiandika yote hayo nitaonekana sijui kazi. Kwani Linux, mfumo unaoendesha kompyuta, imejengwaje? Linus Torvalds alianza mwaka 1991 akiwa mwanafunzi Helsinki, na watu wa nchi mbalimbali wakawa wanatumiana marekebisho kwa email, wengi hawajawahi kuonana, na mpaka leo ukipeleka rekebisho bila kueleza kwa nini umelifanya unarudishiwa. Git yenyewe, programu ya kutunza kila badiliko la kazi, mnayoitumia kila siku aliitengeneza 2005 kwa ajili ya kazi hiyo hiyo. Wale wanaandika kila kitu, nani anasema hawajui kazi?

Sasa asubuhi. Kuanzia saa mbili mpaka saa saba Marekani yote inayowahusu imefunga kazi au imelala, hakuna anayekuita, hizo ndizo saa za kazi ngumu. Usizimalize kwa kujibu meseji za jana. Na nyumbani waelezeni mapema, maana mama akikuona umekaa anajua upo tu, mara mwanangu nikimbilie dukani, mara pokea fundi. Mwambie kwa heshima, mama nikitoka saa saba nitaenda kote unakotaka. Wanaelewa wakielezwa, tatizo hatuwaelezi.

Ile ya kuhesabu dakika 25 halafu unapumzika, kwa kazi ndogo ndogo sawa. Kwa kutafuta kosa mimi siikubali, unakatwa ndio kwanza kichwa kimeingia.

Intaneti naigusa tu. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika mnakumbuka hali ilivyokuwa. Aliyekuwa na nyaraka na testi kwenye mashine yake alipata cha kufanya, kwa hiyo shusheni vitu mapema, na bando la mtandao wa pili liwepo, luku ya umeme isisubiri kuisha.

Naoneshwa saa huku. Viti, macho, mazoezi, tutaongea nje. Hizi dakika zilizobaki nataka mwenye meseji aliyoituma wiki hii ikakosa jibu aje mbele aisome kama ilivyo, tuiandike upya hapa hapa. Dada mwenye laptopu, njoo uanze wewe.