Fedha za Mafunzo Zinapoishia: Vyeti, Nauli na Ajira ya Vijana wa Lamu

Zena: Assalaam alaykum, wasikilizaji wetu wa Amu, Pate, Faza, Kiunga na kokote mliko. Niko na mwenzangu Maalim Shee, na leo tunazungumzia fedha za kumwandaa kijana kwa kazi: zinatoka wapi, humfikia nani, na kwa nini mara nyingi humwacha njiani hali amekaribia kufika.

Shee: Wa alaykum salaam, Bi Zena. Mzazi wa hapa akitafuta msaada wa masomo, mlango wa kwanza anaobisha ni basari, ya kaunti au ya CDF, yaani mfuko wa maendeleo wa eneo bunge, na kwa wengi ndio mlango wa mwisho pia. Akikosa jina lake kwenye orodha hurudi nyumbani akiamini kwamba hakuna kingine. Kipo kingine, ila kila mfuko una mwenyewe, na anayeomba lazima ajue ni nani anayehusika na nini. Katiba ya mwaka 2010, katika Jedwali la Nne, imeikabidhi kaunti elimu ya chekechea na vyuo vya ufundi vya vijijini, ilhali taasisi za kitaifa za ufundi ziko chini ya serikali kuu. Kwa hiyo binti anayejifunza ushonaji katika chuo cha kaunti na kaka yake anayesomea umeme katika taasisi ya kitaifa hawapeleki maombi mahali pamoja, ingawa wanalala nyumba moja.

Zena: Tuanze na huyo kaka basi, kwa hesabu kamili.

Shee: Mpango ulioanza mwaka 2018 uliweka ada ya mwaka katika taasisi hizo kuwa shilingi 56,420. Serikali ilimlipia kila mwanafunzi 30,000, zikabaki 26,420 za kulipwa na familia au kwa mkopo wa HELB, bodi ya serikali inayowakopesha wanafunzi. Kwa waliojiunga kuanzia mwaka 2023 mfumo umebadilika, na sasa uwezo wa familia hupimwa kwanza, kisha mwanafunzi akapangiwa ufadhili na mkopo kwa kadiri ya hali yake. Lakini hata tukiishika hesabu ile ya zamani, ambayo ni nyepesi kueleweka, utaona kwamba inazungumzia ada peke yake. Haimtaji kijana wa Kizingitini anayepaswa kupanda boti hadi Mokowe, apande basi hadi Mombasa, apange chumba, anunue chakula na vifaa, halafu mgao wa serikali ukichelewa aambiwe asubiri nje ya chumba cha mtihani.

Zena: Na huo mkopo, Maalim, tuuseme wazi, kwa sababu wasikilizaji wetu wengi ni Waislamu na mkopo wa HELB una riba ya asilimia 4 kwa mwaka. Ninazijua nyumba ambazo baba amekataa katakata mtoto asiuchukue, na mimi siwezi kumlaumu baba huyo. Ninachosema ni kwamba familia ya namna hiyo imebakiwa na nafasi finyu kuliko wenzake, na wanaopanga sera hawaoneshi kulifikiria jambo hilo wanapotazama orodha ya walioomba mkopo na kuona majina machache kutoka huku kwetu.

Shee: Ndiyo sababu mimi huuliza kuhusu wakfu na zaka. Mji wetu una nyumba na mashamba yaliyowekwa wakfu tangu zamani, na kipato chake huenda kwenye misikiti na madrasa, jambo la kheri lisilo na ubishi. Je, wakfu mpya hauwezi kuwekewa sharti la kumlipia yatima mafunzo ya ufundi hadi apate cheti? Zaka nayo ina haki ya maskini, na kijana asiye na kazi wala kipato ni maskini. Niseme hapa kwamba mimi si mwanachuoni wa fiqhi, na sharti lenyewe liandikwe na wanaoijua sheria.

Zena: Tutawaalika. Sasa, kabla ya kipindi uliniambia kwamba fedha zinazofanya kazi kubwa kuliko zote ni zile ambazo hakuna anayezitenga. Ulikusudia zipi?

Shee: Fedha za cheti cha yule ambaye tayari anaijua kazi. Nenda Matondoni umtazame fundi wa majahazi. Amelelewa juu ya kazi hiyo. Anachagua taruma, yaani ubavu wa chombo, lenye mkunjo wake wa asili, anatoboa kwa keekee, anatia kalafati ya pamba kwenye maungio mpaka maji hayapati pa kupenya, na chombo chote kinasimama bila karatasi yoyote ya ramani, kwa jicho na kamba tu. Mtu huyo akienda kuomba kazi ya useremala kwa mkandarasi anayejenga bandarini, swali la kwanza ni cheti, na hana. Kijana aliyemaliza chuo juzi, ambaye bado anashika randa kwa woga, ataingia langoni na fundi atabaki nje.

Zena: Na njia ya kumpatia cheti ipo?

Shee: Ipo, tena ni ya miaka mingi. Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwanda, ambayo sote tunaiita NITA, hutoa mitihani ya gredi, kuanzia ya tatu ambayo ni ya chini hadi ya kwanza ambayo ni ya juu, na haimdai mtu awe amekaa darasani. Mtihani una sehemu ya nadharia na sehemu ya vitendo, na kwa mafundi wetu shida huwa kwenye kusoma mchoro. Fundi anapewa karatasi yenye vipimo vya milimita, anaambiwa atengeneze kiungo kama kilivyochorwa na kwa muda uliowekwa, naye maisha yake yote hakupata kutumia mchoro. Wiki chache za jioni pamoja na mwalimu wa chuo cha karibu zingetosha kumfundisha jambo hilo moja. Huhitaji kumrudisha kwenye kozi ya miaka miwili akafundishwe kupiga randa! Mbali na gredi, ipo sera ya kuutambua ujuzi uliopatikana nje ya darasa, iliyozinduliwa mwaka 2024, ambapo mtu hupimwa kwa kazi aliyoifanya na ushahidi anaouleta, akapewa cheti kinachotambulika kitaifa. Gharama ya kumpitisha fundi mmoja kwenye njia hizi ni ndogo sana ukiilinganisha na ada ya miaka miwili, na matokeo huonekana mara moja, kwa kuwa ujuzi ulikuwapo tangu mwanzo.

Zena: Hali ni hiyo hiyo kwa mabaharia wetu. Mtoto wa Pate anajua kutweka tanga kabla hajabaleghe, lakini hawezi kupanda meli ya kimataifa kama baharia bila mafunzo ya msingi yanayotakiwa na mkataba wa kimataifa wa mwaka 1978, yaani kujiokoa majini, kuzima moto, huduma ya kwanza, na usalama binafsi. Kuna chuo cha mambo hayo Mombasa, Bandari Maritime Academy. Kozi zenyewe huchukua siku, hazichukui miaka. Kinachomshinda kijana ni kukusanya kwa mpigo ada, nauli, malazi, uchunguzi wa daktari na kitabu cha baharia, na basari za kawaida hazikupangwa kwa gharama za namna hiyo.

Shee: Ungeongeza hapo ufadhili wa LAPSSET, ule mradi mkubwa wa bandari na njia za usafiri unaoanzia hapa Lamu, ambao ulikusudia kuwasomesha vijana 1,000 wa Lamu kwa ajili ya kazi za bandari. Wazo lilikuwa jema. Gati la kwanza lilifunguliwa Mei 2021, na tangu hapo swali la vijana wetu limekuwa moja: aliyesomeshwa anaajiriwa na nani? Ufadhili ambao haukufungamanishwa na mwajiri tangu siku ya kwanza humzalishia mji wahitimu wenye hasira.

Zena: Waajiri wenyewe, basi. Wenye hoteli za Shela na za hapa mjini wana mchango gani?

Shee: Wanatakiwa na sheria kulipa ushuru wa mafunzo, shilingi 50 kwa kila mfanyakazi kila mwezi, na fedha hizo huenda NITA. Hoteli yenye wafanyakazi ishirini hulipa 12,000 kwa mwaka. Anayelipa ana haki ya kudai arudishiwe sehemu ya gharama za kuwafundisha wafanyakazi wake, ilimradi aombe idhini kabla ya mafunzo kuanza. Mwenye hoteli akimpeleka mpishi wake kozi kwanza ndipo akumbuke kuomba, amechelewa.

Zena: Tusiisahau NYOTA, ambayo vijana wameizungumza sana. Huo ni mradi wa serikali na Benki ya Dunia, kwa walio na umri wa miaka 18 hadi 29, na hadi 35 kwa wenye ulemavu. Wengi wanajua tu zile shilingi 50,000 za kuanzisha biashara, lakini mradi huo una pia sehemu ya kumweka kijana chini ya fundi mahiri, na sehemu ya kuutambua ujuzi tuliyokuwa tukiieleza. Kwangu mimi sehemu hizo mbili zina faida ya kudumu kuliko mtaji. Msikilizaji wetu wa Faza, ambaye ni fundi mwashi, ameuliza aanzie wapi.

Shee: Aanze na kitambulisho, kisha barua za watu aliowajengea, na picha za kazi hizo. Halafu atafute wenzake, kwa sababu ni rahisi zaidi kukiomba chuo kiwaandalie kundi zima mtihani karibu na nyumbani kuliko kila mmoja kusafiri peke yake hadi Mombasa. Orodha ya majina ipelekwe mapema, maana usajili ukifungwa mtu husubiri awamu nyingine.

Zena: Na ada ya mtihani?

Shee: Hilo ningelipeleka kwa kamati ya basari ya wadi. Fomu ya basari humwuliza mwombaji jina la shule na namba yake ya usajili, na fundi mwashi hana hata kimoja, kwa hiyo fomu humkataa kabla kamati haijaketi. Waongeze mstari mmoja wa kituo cha mtihani na aina ya gredi, naye ataweza kuomba muhula huu huu.