Mchi wa Mwamba: Mhadhara juu ya Uchorongaji wa Utafiti

Mabibi na mabwana,

Mtambo wa kuchoronga ukifika eneo jipya, mazungumzo huanza na kina na gharama. Naomba sisi tuanze na swali jingine: shimo likikamilika, tutabaki na nini mkononi? Mchorongaji wa machimboni anayetoboa mwamba ili atie baruti huacha vumbi lipeperuke, kwa kuwa anachohitaji ni tundu; mtafiti anahitaji kile kilichokuwa mahali pa tundu.

Katika njia ya mzunguko wa kinyume, hewa iliyogandamizwa hushuka kati ya kuta mbili za bomba, huendesha nyundo inayoponda mwamba chini, kisha hupanda kupitia bomba la ndani ikiwa imebeba chenga, ambazo hukingwa katika mifuko, kwa kawaida mmoja kwa kila mita. Ni njia ya haraka na nafuu, ila chenga haziwezi kukuonyesha tabaka limeinamia wapi.

Hapo ndipo tunapohitaji kekee ya almasi. Kekee hii ina umbo la pete: hukata mwamba kandokando na kuacha katikati mfano wa mchi wa kinu, ambao huingia katika bomba la ndani huku maji yakiipoza kekee na kuondoa tope. Bomba hilo likijaa huvutwa juu kwa waya, na mabomba mengine hubaki shimoni. Mchi wa kipimo cha NQ, kimojawapo cha vipimo vya kawaida vya uchorongaji, una kipenyo cha milimita 47.6 tu, lakini ulowesheni maji, mwugeuze juani, nanyi mtaona mshipa mweupe wa kwatzi, chembe za madini ya pairiti ubavuni mwake, na kutu palipopita maji ya ardhini.

Mhandisi wa handaki naye hujumlisha urefu wa vipande vya mchi vyenye sentimita 10 au zaidi na kuulinganisha na urefu wote uliochorongwa, kipimo cha uzima wa mwamba kilichobuniwa na mhandisi Don Deere katika miaka ya 1960. Mchi uliovunjika wakati wa kuutoa bombani huhesabiwa kuwa mzima, na kuutambua mvunjiko huo mpya, wenye uso safi usio na kutu, kunahitaji jicho lililozoea.

Desturi ni kuupasua mchi kwa msumeno, nusu iende maabara na nusu ibaki sandukuni. Kule Busang, Indonesia, kampuni ya Bre-X ya Kanada, iliyodai kupata dhahabu nyingi, ilisaga karibu mchi wote, na sampuli zikatiwa dhahabu ya kutoka kwingine. Mwaka 1997 yalichorongwa mashimo ya uhakiki kando ya yale ya awali, na dhahabu haikuonekana. Mabilioni ya dola ya wenye hisa yakapotea. Ingekuwapo ile nusu ya pili, yeyote mwenye shaka angeipeleka maabara nyingine mapema.

Ndiyo maana ninawasihi ninyi mnaokwenda kambini: andikeni kina kwenye kibao cha kila sanduku palepale mtamboni, mchi ukiwa bado unachuruzika maji.