Ukiona "Deferred", Usipige Vigelegele Bado

Watu wangu wa Nairobi, hamjambo? Niko likizo Buruburu kwa mama, kwa hivyo honi za matatu mtazivumilia. Binamu yangu ameletewa emeli na chuo kimoja cha Marekani imeandikwa "deferred", na shangazi ameshawaambia wenzake wa chama kwamba mtoto anaondoka mwakani. Shangazi, ngoja kwanza.

Marekani, ukituma maombi mapema, yale ambayo majibu yake hutoka katikati ya Desemba, "deferred" ina maana hujakubaliwa na hujakataliwa. Faili lako limesogezwa likasomwe upya pamoja na la kila mtu, na jibu utalipata karibu Machi au mwanzoni mwa Aprili. Nafasi huna. Endelea kutuma maombi kwingine, na kama chuo kinaruhusu, wapelekee matokeo yako mapya.

Sasa njoo huku ninakoishi, Uingereza. Mtu akiwa na "deferred entry", nafasi anayo, ila ataanza masomo mwaka unaofuata. Neno ni lile lile, lakini mmoja anashona nguo za safari na mwingine bado anaomba Mungu. Angalia nani amesogeza nini. Chuo kikisogeza uamuzi, wewe bado uko foleni. Ukishapewa nafasi halafu ukaomba kuanza baadaye, basi ni yako wakikukubalia, kwa masharti yao.

"Postponed" ni habari nyingine. Mnakumbuka CHAN, yale mashindano ya soka ya Afrika? Ilikuwa ianze tarehe 1 Februari 2025, hapa kwetu Kenya, Tanzania na Uganda. Katikati ya Januari, CAF, shirikisho la soka la Afrika, wakaisukuma hadi Agosti ili viwanja na vifaa vingine vikamilike. Hapo kuna wakubwa wameketi, wakaamua kabla shughuli haijaanza. Fainali tukaipata uwanjani Kasarani, Agosti 30.

"Delayed" mara nyingi haina kikao. Matatu ikikwama Jogoo Road, hakuna mtu aliyeihamishia Agosti. Iko njiani, itafika ikifika. Ndiyo maana ukiona neno hilo kwenye skrini pale uwanja wa ndege wa JKIA, usirudi nyumbani kulala. Ndege ni ile ile, na wanaweza kuita abiria wakati wowote.

Na hapa kuna pesa, sikilizeni wenye ndugu Uingereza. Kwa ndege inayoondoka kule, ikiandikwa "cancelled", abiria anachagua: arudishiwe nauli au atafutiwe ndege nyingine. Ikiwa ni "delayed", nauli hairudi mpaka ucheleweshaji ufike muda wa saa 5, na hapo ni iwapo abiria ameamua kutosafiri. Fidia ni jambo la pembeni: afike akiwa amechelewa saa 3 au zaidi, na kosa liwe la shirika. Dhoruba haihesabiwi. Kwa hiyo piga picha ile skrini, maneno hubadilika.

Kuna "adjourned", hiyo waachie mawakili wa mahakama ya Milimani: kikao kilishaanza au kilishapangwa, kimeahirishwa. Na "procrastinate" ni ya kwako binafsi. Umeketi, kazi iko mbele yako, unatazama video yangu. Siwezi kulalamika, sindio?

Wenye barua za aina hii, niandikieni hapo chini sentensi nzima, si neno moja, na mfute jina lenu na namba ya maombi kabla ya kutuma. Nitazisoma Jumamosi, mama akinipa nafasi mezani.