Farasi Arobaini wa Beetle, na Wanakopotelea

Asanteni, karibuni. Mlio nyuma sogeeni kidogo, hii pistoni ni ndogo na nataka muione. Kipenyo chake ni milimita 77, inaenea kiganjani kama chungwa. Imetoka kwenye Volkswagen Beetle 1300, injini iliyotoka kiwandani kuanzia mwaka 1965. Ziko nne kama hii, kila moja inapanda na kushuka milimita 69. Ukipiga hesabu unapata cc 1285, yaani ujazo wa silinda zote nne.

Kila injini ninayoiunda upya inapotoka mezani kwangu, mwenye gari huuliza nguvu yake, inayohesabiwa kwa farasi: "Fundi, sasa itatoa farasi wangapi?" Nami humjibu kwa namba tatu, zote za injini hiyohiyo. Hapo huniona tapeli.

Ya kwanza ni 50. Hii ndiyo iliyotangazwa Marekani, ambako siku hizo injini ilipimwa ikiwa uchi: ekzosi yake haipo, kisafisha hewa hakipo. Ya pili ni 40. Wajerumani waliipima hiyohiyo ikiwa imevaa kila kitu ilichovaa ndani ya gari, kwa mizunguko 4000 kwa dakika. Hakuna aliyedanganya. Ila mtu akisoma 50 kwenye kitabu cha Kimarekani, halafu akasikia 40 kwangu, anadhani nimemwibia kumi.

Namba ya tatu ni 28, na ndiyo inayoleta ugomvi. Farasi 40 wa Mjerumani walihesabiwa kwa hewa ya usawa wa bahari. Mombasa utawapata. Nairobi tuko juu kama mita 1700, hewa ni nyepesi, na injini hii haina cha kuisukumia hewa, inavuta inachokikuta. Sehemu moja kati ya sita inapotea hapo, unabaki na 33 hivi. Kisha giaboksi na matairi nayo yanakula, tuseme asilimia 15. Ukiipandisha gari kwenye mashine inayopima nguvu magurudumuni, ikasoma 28, usimkamate fundi shati. Mpe soda.

Hata geji ya kompresheni, ile inayopima mgandamizo ndani ya silinda, inapotoshwa na mlima. Silinda inayosoma 120 pwani itasoma 100 hivi hapa, na haina ugonjwa wowote. Cha kuangalia zaidi ni kama zote nne zinakaribiana.

Sasa, kuunda upya kunaongeza nini? Ukirudisha vipimo vya kiwandani, hakuongezi kitu. Kunarudisha. Ringi zilizochoka zinavujisha mgandamizo, valvu zisizokaa vizuri zinavujisha, kamshafti iliyolika haifungui valvu inavyopaswa. Ukiziba mianya hiyo, umewarudisha farasi waliotoroka. Zizi ni lilelile.

Ukitaka zizi kubwa, kuna njia, na hapa Beetle ni rahisi kuliko magari mengi, maana silinda zake zinachomoka moja moja. Injini ya 1600 ina mwendo uleule wa milimita 69, ila pistoni zake ni za 85.5. Unapeleka kesi, yaani bodi ya injini, na hedi, vifuniko vya silinda, kuchongwa, unavisha silinda hizo, unafika cc 1584. Gawanya 1584 kwa 1285, zidisha kwa 40: unapata 49 na ushee. Kiwanda chenyewe kiliiandika 1600 yake kuwa farasi 50. Ndiyo maana nawaambia vijana wa gereji washike kanuni moja: injini ya Beetle isiyochezewa hutoa farasi kama 30 kwa kila lita. Akija mtu na kabureta ileile moja, kamshafti ileile, anakuahidi 80, muulize wanapitia mlango gani.

Maana mlango, yaani njia ya kuingizia hewa na petroli, ndio kila kitu. Mini Cooper S ya cc 1275, karibu sawa na hii yetu, ilitoa farasi 76. Lakini ilikuwa na kabureta mbili, mgandamizo wa karibu 9.75 kwa 1 dhidi ya 7.3 wa Beetle, na nguvu hiyo ilipatikana kwenye mizunguko 5800. Beetle imebanwa koo makusudi: inapumua kidogo, haichoki. Na kubanwa huko hakukuizuia kushinda Safari Rally mwaka 1962, zama ambazo 1200 ya kiwandani ilikuwa na farasi 34.

Niwape kisa kimoja kabla ya maswali, kinaniaibisha mwenyewe. Mzee mmoja aliniletea 1300 yake, nikaiunda kwa mikono yangu. Kamshafti mpya, kwa hiyo nikaiwasha na kuishikilia kwenye mizunguko 2000 dakika 20 bila kuiacha ishuke, ili kamshafti na tapeti, vile vyuma inavyovisukuma, zizoeane. Valvu milimita 0.15, zimepimwa injini ikiwa baridi. Taimingi sawa. Akaondoka akicheka. Baada ya wiki mbili akarudi amenuna: kutoka Mai Mahiu kupanda Limuru, malori yanampita.

Nikafungua kabureta. Safi. Nikabadilisha jeti, kile kitundu kinachopitisha petroli, maana huku juu mchanganyiko huwa mzito wa petroli. Kidogo tu. Nikafungua kabureta mara ya pili, ya tatu. Siku ya pili jioni nikamwambia kijana wangu aketi kwenye usukani akanyage mafuta hadi mwisho, mimi niko nyuma na tochi. Kile kibati cha kabureta kinachofungulia hewa kilifunguka nusu, kikasimama.

"Kanyaga!"

"Nimekanyaga, mzee. Imegonga chini."

Nikaenda mbele, nikapiga goti, nikaingiza mkono chini ya pedeli. Mzee alikuwa ameweka kapeti jipya. Zuri, nene, na chini yake sponji ya vidole viwili. Nikachukua kisu cha kukatia gasketi nikakata kipande cha ukubwa wa kiganja. Kile pale ukutani, nimekipigilia msumari. Haya, nani ana swali?