Chenji Iliyokosekana: Sarafu za Wenye Maduka wa Uingereza

Mabibi na mabwana, hoja yangu leo ni kwamba sarafu bandia haistawi kwa ujanja wa waghushi peke yao. Hustawi pale dola inapowaacha raia wake bila chenji.

Mwaka 1613 Mfalme James I wa Uingereza alimpa Lord Harington hati ya kutengeneza robo peni za shaba. Vilikuwa vipande vyepesi mno, ambavyo shaba yake haikukaribia thamani vilivyopewa, na pengo hilo ndilo lililowavuta waghushi. Mwaka 1636 sarafu hizo zikaanza kupachikwa kipande kidogo cha shaba ya njano ndani ya shaba nyekundu, ili iwe taabu kuziigiza, lakini mwaka 1644 Bunge likakomesha mpango wote.

Basi kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1640 hadi 1672, wauza mishumaa, waoka mikate na wenye vilabu vya pombe walijitengenezea sarafu zao, za aina zaidi ya 10,000. Ukiishika moja utaona jina la mwenye duka, mji wake na alama ya kazi yake. Na mara nyingi zimo herufi tatu, ya juu ikiwa ya jina la ukoo, mbili za chini zikiwa za mume na mke. Naomba tuliangalie jambo hili kwa makini, kwa kuwa hapa ndipo sarafu hizi zinapotengana na bandia: mghushi hujificha nyuma ya sura ya mfalme, ilhali mwenye duka alijitaja, akaonyesha anakopatikana, na aliyeshika kipande chake alijua amdai nani. Udhaifu wake ni kwamba mitaa michache mbele hakuna aliyekipokea.

Mfalme Charles II alitoa nusu peni na robo peni za shaba mwaka 1672, lakini karne iliyofuata bandia zikafurika tena. Uchunguzi wa Royal Mint, kiwanda cha sarafu cha dola, wa mwaka 1787 ulikuta kwamba ni takriban asilimia 8 tu ya nusu peni zilizokuwa mikononi mwa watu zilizofanana vya kutosha na halali. Mwaka huohuo kampuni ya machimbo ya shaba ya Parys, katika kisiwa cha Anglesey huko Wales, ilitoa peni zake yenyewe, zikiwa na ahadi ya kumlipa mwenye kuzishika. Dola ilizinduka mwaka 1797, mwenye viwanda Matthew Boulton alipoifulia peni kwa mitambo ya mvuke karibu na Birmingham, kila moja ikiwa na wakia nzima ya shaba.