Muuaji Anayepiga Mazoezi: Tunaichambua Behind the Mask

BENJA: Wasikilizaji wetu habari zenu, karibuni tena kipindini, mimi ni Benja na niko na dada yangu Zai kama kawaida. Zai, mambo?

ZAI: Poa kaka, karibuni jamani. Leo nna hamu kweli maana hii muvi tumeshabishana sana pembeni, bora sasa tubishane watu wakisikia.

BENJA: Muvi yenyewe ni Behind the Mask: The Rise of Leslie Vernon, ya 2006, dairekta ni Scott Glosserman na skripti kaiandika yeye na David J. Stieve. Tahadhari mapema kabisa, tutaisimulia mpaka mwisho, kwa hiyo kama hujaiona na hutaki utamu uishe, weka pozi hapa ukaicheki kwanza ndo urudi.

ZAI: Wape stori basi.

BENJA: Stori iko hivi. Kuna dunia ambayo Freddy Krueger, Jason na Michael Myers, wale wauaji maarufu wa muvi za kutisha, sio wahusika wa sinema, ni watu kweli, waliua kweli, na wanajulikana kama mastaa. Sasa kwenye kamji kanaitwa Glen Echo huko Maryland, Marekani, kuna kijana anaitwa Leslie Vernon anataka awe kama wao, na mwandishi wa habari Taylor Gentry na wapiga kamera wake wanamfuata hatua kwa hatua wakati anapanga usiku wake wa kwanza wa kuua. Kwa hiyo sehemu kubwa unaiona kama dokumentari, kamera ya mkononi, maswali na majibu, jamaa anaelezea kazi yake.

ZAI: Na hapo kwenye neno kazi ndo penyewe. Mi naona uzuri wote wa hii muvi uko hapo. Sisi tumekua tunaona muuaji mwenye kinyago anatokea tu, msichana anakimbia mbio zote, yule anatembea taratibu, alafu ghafla kamkamata. Huwa hatuambiwi kafikaje. Hapa Leslie anakuambia, lazima upige mazoezi ya pumzi kweli kweli, maana unatakiwa ukimbie kama swala huku ukionekana unatembea. Yaani jamaa anafanya kadio!

BENJA: Na anaisema kwa furaha, macho yanang'aa. Nathan Baesel aliyemcheza huyu Leslie ndo ameibeba muvi mgongoni, nasema wazi. Anacheka, ni mkarimu, anafuga kobe nyumbani, unampenda, na unajua huyu mtu anapanga kuchinja vijana. Kuna sehemu karibu na usiku wenyewe anashikwa na machozi, Taylor anamuuliza vipi, kumbe ni furaha, ndoto yake imefika. Mi pale nilikaa kimya kabisa.

ZAI: Sehemu yangu mimi ni ile anapowatembeza Taylor na wenzake kwenye nyumba ya shamba, pale vijana watakapofanya pati na yeye atakapowaulia. Sikilizeni wasikilizaji, madirisha ya juu kayapigilia misumari, tawi la mti ambalo mtu angelishikilia ashuke kalikata nusu makusudi ili likatike, mashoka kayalegeza ili ukilinyanyua tu linakuachia mpini mkononi, tochi kaziwekea betri za kufa. Kila kile kitu ambacho ukiwa unaangalia unapiga kelele "kwa nini tochi inazima sasa hivi jamani", hapa una jibu lake, kuna mtu alikuja mchana akaiandaa.

BENJA: Kwa hiyo ule udhaifu wa muvi zote za zamani, zile bahati mbaya zisizoaminika, wamezigeuza ziwe mpango wa mtu. Hiyo ni akili kubwa. Mi nimeona dhihaka nyingi za muvi za kutisha ambazo zinatunyooshea kidole tu kwamba mnaona huu ujinga, basi zimeishia hapo. Hii inaupenda ule ujinga, inaujengea sababu.

ZAI: Sawa. Sasa naomba nianze kulalamika.

BENJA: Haya.

ZAI: Yule mama wa maktaba. Amechezwa na Zelda Rubinstein, yule wa Poltergeist ya 1982, mama mfupi mwenye sauti yake ile. Leslie anamuua mle maktaba na Taylor na wenzake wapo pale pale, wanajua, wameshuhudia. Alafu? Wanaendelea kushuti! Leslie anatoka pale amefurahi mno kwa sababu amejitokeza daktari wa kumwinda, na hao waandishi bado wamo ndani ya gari lake. Dhamiri inakuja kuwaamkia usiku wa mwisho, tena ghafla, kwenye maongezi mafupi tu. Mi siamini. Kama umekubali mama mzima auawe mbele yako ili upate stori, hiyo ndo ilikuwa muvi yenyewe, kwa nini umeipita mbio?

BENJA: Lakini si ndo hoja yao, kwamba na sisi watazamaji tumekaa tu tunacheka?

ZAI: Hoja ipo kaka, ila haijafanyiwa kazi. We si umeiona Man Bites Dog ya Ubelgiji, ya 1992? Nayo ni dokumentari ya kuigiza, wapiga picha wanamfuata muuaji. Ile inawazamisha taratibu, mara wanamsaidia kubeba maiti, mara wanaanza kushiriki wenyewe, unafika mahali unataka kuizima. Behind the Mask ina mlango ule ule, inaufungua, inachungulia, inaufunga.

BENJA: Hapo nakubali nusu. Kwa sababu Glosserman hakutaka uchukie, alitaka ucheke alafu uogope. Ni muvi ya mtu anayezipenda Halloween ya 1978 na Friday the 13th ya 1980 kutoka moyoni. Hata kumweka Robert Englund, yule aliyemcheza Freddy Krueger mwenyewe, acheze daktari anayemwinda muuaji, Doc Halloran, na koti lake refu, ukiangalia unamwona kabisa Donald Pleasence, yule daktari anayemwinda muuaji kwenye Halloween. Mtu aliyekuwa jinamizi miaka yote leo ndo mlinzi. Na Englund hacheki hata kidogo, anaicheza serious.

ZAI: Englund kapewa muda mdogo lakini, anaingia anatoka, unabaki na njaa. Bora hata Scott Wilson, yule mzee Eugene, muuaji mstaafu. Ile meza ya chakula pale kwake, mzee anaongelea zamani zao kama fundi aliyestaafu anavyowasema vijana wa siku hizi, mke wake yuko pembeni anachangia, ni sini ndogo ila dunia nzima ya muvi unaiamini kwa sababu yake.

BENJA: Tuje sasa kwenye ugomvi wetu mkubwa.

ZAI: Robo ya mwisho.

BENJA: Ee. Taylor anasema hapana, hatuwezi kuacha hawa vijana wafe, kamera zinawekwa chini, na muvi inabadilika. Picha inakuwa ya sinema, muziki unaingia, taa za sinema, sasa tuko ndani ya slasha yenyewe, yaani zile muvi za muuaji anayewamaliza vijana mmoja mmoja. Mi naona ni uamuzi wa kishujaa, kwa sababu maelezo yote tuliyopewa na Leslie sasa tunayaona yakifanya kazi, tawi linakatika, shoka linaachia, na wanaokimbia ni watu tuliokaa nao.

ZAI: Na ndo pale pale inapopwaya. Umeshanionyesha mtego mchana, ukiniletea mtego huo huo usiku bila kitu kipya, mi sishtuki. Hofu inataka nisijue. Wale vijana waliokuja kwenye pati majina yao nani anayakumbuka? Wanauawa haraka haraka na damu yenyewe kidogo. Kwa hiyo muvi iliyokuwa inaichambua slasha imegeuka slasha ya kawaida, tena ya bajeti ndogo, na inaonekana.

BENJA: Kipya kipo! Lengo halikuwa Kelly, yule msichana ambaye Leslie alisema anamwinda, lilikuwa Taylor tangu mwanzo. Tumeambiwa muda wote Kelly ndo bikira, na kwa sheria za hizi muvi bikira ndo anayebaki mwisho kupambana na muuaji, kumbe sivyo kabisa, Taylor anasimama pale anaunganisha mambo mwenyewe, ni mimi. Dokumentari yote ilikuwa sehemu ya mpango. Angela Goethals ile sura yake pale, jamani.

ZAI: Kacheza vizuri, simkatalii. Ila sikia. Mwaka 1987 msomi wa filamu Carol Clover aliandika makala yake maarufu kuhusu huyu msichana anayebaki mwisho, kwa nini lazima awe msafi, kwa nini lazima ashike silaha ya muuaji ili ashinde. Leslie anatuelezea karibu mambo hayo hayo, kabati ni kama tumbo la mama, silaha ndefu ndo nguvu ya mwanaume. Vizuri, tumecheka. Sasa muvi ilikuwa na nafasi ya kuuliza, hii sheria ya ubikira ni ya nani na kwa nini? Haikuuliza. Imemtoa bikira mmoja ikaweka mwingine, sheria imebaki vile vile.

BENJA: Hmm. Hiyo sina jibu zuri. Naweza kusema Leslie ndo mwenye sheria, sio muvi, ila mwisho muvi inampa ushindi kwa sheria hizo hizo, Taylor anamponda kichwa kwenye mashine ya kukamulia maji ya tofaa, anachoma banda, na yote ilikuwa imepangwa na jamaa.

ZAI: Mpaka dawa ya kuzuia moto kajipaka mapema, tumeona. Hiyo naisifu, haikufichwa, iko mbele ya macho yako.

BENJA: Na watu msizime mapema. Majina yanapita huku kamera ya usalama ya mochwari inaonyesha maiti, unapigwa wimbo Psycho Killer wa Talking Heads, we subiri tu.

ZAI: Inauma kwamba ilipotoka kumbi za Marekani 2007 iliingiza chini ya dola laki moja. Imekuja kupendwa baadaye kwa watu kuambiana. Na Glosserman tangu hapo hajatupa mwendelezo, watu wanausubiri mpaka leo.

BENJA: We ungeutaka?

ZAI: Kwa sharti Taylor ndo awe anaongoza stori. Sitaki tena kumsikiliza Leslie akielezea, nataka nijue mwanamke aliyekaa kimya pale maktaba analalaje.

BENJA: Basi ambao hamjaiona, anzeni na Halloween alafu Friday the 13th walau mbili tatu, ndo mje kwa hii, mtaifaidi mara mbili. Na ambao mmeiona, tuambieni kuhusu ile robo ya mwisho, mko na mimi au mko na Zai.

ZAI: Wako na mimi. Haya, kwaherini jamani.